Sarafu Isiyo na Mpokeaji

Mkono wa kulia wa Mzee Waziri ulianza kunuka siki siku ya Jumanne, baada ya adhuhuri, na yeye akadhani ni sponji ya vyombo. Akaitupa sponji. Akanawa kwa sabuni ya kipande, akanawa kwa ile ya maji, akachukua udhu wa alasiri akisugua katikati ya vidole mpaka ngozi ikauma, na alipoinua mikono kuanza sala harufu ikampanda puani vilevile. Siki, na nyuma ya siki, shaba. Mkono wa kushoto haukuwa na neno. Wa kulia tu.

Sasa wewe utasema, harufu ni harufu, itaondoka. Na yeye alisema hivyohivyo. Mtu anayekaa peke yake hukubaliana na nafsi yake upesi, maana hakuna wa kumbishia.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mtoto wa Buyenzi kule Bujumbura, na alikaa ghorofa ya saba ya jengo moja la Anderlecht, mtaa wa huku kwa Wabelgiji, ambamo majirani hujuana kwa kikohozi tu. Mkewe Naïma alifariki miaka minne iliyopita. Tangu hapo meza ya jikoni ilikuwa na viti viwili na sahani moja. Binti yao wa pekee, Warda, aliolewa na Hamza akahamia mtaa wa Ixelles, na kila Jumapili mchana alimletea baba yake bakuli la ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, au wali, au chochote alichopika. Waziri naye alimrudishia bakuli la wiki iliyopita, limeoshwa, na ndani yake kitu. Tende tatu. Biskuti. Siku mfuko ukiwa mkavu, vijiko viwili vya sukari kwenye karatasi. Hiyo ilikuwa sheria ya Naïma, na Naïma hakuwa na mchezo: bakuli la mtu halirudi tupu. Jirani Mbelgiji aliyewaletea supu mara moja, maskini ya Mungu, alirudishiwa sufuria yake na maandazi kumi na mawili, akauliza ni bei gani.

Warda alikuwa na mimba ya miezi saba. Mjukuu wa kwanza! Waziri alikuwa amekwisha kununua kofia mbili ndogo za sufu, akazificha kabatini chini ya kanga za marehemu. Kila alipopiga simu Bujumbura neno lake lilikuwa lilelile. Nitampokea mimi, kwa mikono yangu hii, nimwadhinie sikioni. Watu wa huko walishachoka kulisikia. Lakini ndilo neno lililomwamsha asubuhi, na mwacheni, hakuwa na lingine.

Turudi kwenye mkono.

Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, kwa miaka tisa, Waziri alifanya usafi katika duka la Monsieur Goossens, mzee aliyeuza sarafu za kale kwenye kichochoro nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles. Walipendana wale wazee wawili, kwa namna ya watu wanaopendana bila kukaa pamoja. Goossens alikuwa akimwonyesha vitu. Wiki moja kabla, alimwonyesha sarafu ndogo ya shaba, imegandiwa na ukoko wa kijani na mweusi, iliyoitwa liard.

"Dhahabu ilikuwa ya wafalme wenyewe," alimwambia, "fedha ya wafanyabiashara. Hii ilikuwa ya watu wa kununua mkate kipande na mshumaa nusu. Sura hapo ni ya Filipo wa Nne, mfalme wa Hispania, ndiye aliyetawala hadi huku. Na hii alama ndogo, ona, ni mkono. Ni alama ya karakana ya kufua sarafu ya Antwerpen."

Kisha akamweleza ilikotoka, na hapo sauti yake ikashuka. Ilikutwa kwenye makaburi ya maskini, ndani ya ngumi ya mfu. Mwaka wa tauni hakuna aliyetaka kupokea pesa kutoka mkono wa mgonjwa, na aliyepokea aliichovya kwenye siki kwanza. Yule mtu alikuwa na sarafu moja, bei ya kipande cha mkate. Aliwanyooshea watu mpaka akafa nayo.

Jumanne ile Goossens alikwenda kwa daktari wa meno, na saa sita mnunuzi alikuwa aje kuitazama sarafu. Waziri akaiona juu ya kitambaa chake cha mahameli, chafu, imeota ukungu. Akaona haya kwa niaba ya rafiki yake. Mgeni anakuja na kitu kiko hivi? Kule Buyenzi, siku mbili kabla ya Idi, mama yake alitoa sinia za shaba na kuzisugua kwa ndimu na chumvi mpaka ukaona meno yako ndani yake. Ndimu alikuwa nayo mfukoni, ya chai. Chumvi aliikuta kwenye kikopo cha Goossens. Jamani, mtu huyu alikuwa anafanya wema! Akasugua. Ukoko ukabanduka vipande vipande, sura ya mfalme ikatokea nyekundu, ule mkono mdogo ukatokea na vidole vyake vitano, na ukoko wa mwisho ulipokwenda na maji, nyuma yake mtu akashusha pumzi ndefu. Waziri akageuka. Akaona kipasha joto cha ukutani, akaendelea kufuta.

Goossens aliporudi hakupiga kelele. Aliketi.

"Ngozi yake," alisema. "Monsieur Waziri, umeichuna ngozi yake."

Mnunuzi alikuja, akainama, akarudisha mkono wake mfukoni, akaaga. Sarafu ya kale iliyosuguliwa ukoko wake haina mtu wa kuinunua. Goossens aliisukuma juu ya meza kwa ncha ya kalamu, hakutaka hata kuigusa, machozi yakimlengalenga.

"Chukua wewe. Hakuna atakayeipokea tena."

Na Waziri, aliyelelewa akaleleka, akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko kama tunavyofanya kwetu mtu akikupa kitu, akainama na kusema, "Nimepokea, asante."

Jumatano alikuta kiti cha pili kimevutwa nje ya meza. Akakirudisha. Alipotoka msalani kilikuwa kimevutwa tena, kidogo tu, kama kimempisha mtu aketi. Akacheka kwa sauti ili nyumba isikie kwamba haogopi, na nyumba haikumjibu, na hilo la kutomjibu ndilo lililomfanya awashe redio.

Alhamisi magharibi ilimkuta nyumbani. Mwezi wa Desemba jua huku huzama saa kumi na nusu, taa za jengo la mbele zikawa zinawaka moja moja, na yeye akaswali peke yake kwenye mkeka uliopwaya upande wa kulia, alipokuwa akiswali Naïma nyuma yake kidogo. Akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. Kisha akafanya jambo ambalo alikuwa akilifanya tangu abaki mgane na hakuwahi kumwambia mtu. Msikitini, sala ikiisha, jirani hupeana mkono na jirani. Yeye nyumbani, bila jirani, alinyoosha mkono wake gizani upande wa kulia, akaushikilia pale kidogo hewani, akaurudisha. Kumbukumbu tu. Safari hii alipounyoosha, vidole baridi, vyembamba, vyenye unyevu wa siki, vikaingia katikati ya vidole vyake polepole, vikashika, vikabana kama vinavyobana vya mtu aliyekuwa akikungojea kituoni tangu asubuhi na treni zote zimepita, na Waziri hakuweza kupiga kelele kwa sababu pumzi yote ilikuwa imemtoka, na alipopata nguvu ya kuuvuta mkono wake na kuutazama kwa mwanga wa dirisha, hapakuwa na mtu, ila kwenye kiganja ilikuwepo ile sarafu, ambayo alikuwa ameifungia kwenye droo ya jikoni.

Asubuhi ya Ijumaa hakwenda kazini; aliitupa kwenye mfereji. Aliisikia ikigonga maji. Alipofika nyumbani akaingia kwenye lifti na Lucien, Mkongomani wa Bukavu aliyekaa ghorofa ya tisa na kulinda ghala moja karibu na machinjio. Lucien alijibana ukutani safari nzima. Mlango ulipofunguka ghorofa ya saba, akanong'ona:

"Papa Waziri, yule muntu mwenye mulikuwa naye ni nani?"

"Mtu gani, Lucien?"

"Yule mwenye amekushika mukono. Bon, pengine ni macho yangu. Lakini iko na nguo ya zamani, na iko nanuka vinaigre, ile siki. Mi sitapanda tena na ule, unisamehe, Papa."

Mlango ukajifunga. Waziri akatazama chini. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imefungwa, na hakukumbuka kuifunga.

Akarudi mjini. Ombaomba wa stesheni ya Gare du Midi, mama aliyekaa na blanketi karibu na milango, akaitazama ile shaba kiganjani, akatikisa kichwa, akafunika kikombe chake. Mwuza mikate akasema hizo hazitumiki, Monsieur. Kijana wa kununua vyuma chakavu akasema kwa hiyo moja asisumbuliwe. Kila aliyekataa, Waziri alisikia kitu kando yake kikiinamisha kichwa. Hofu yake ikachanganyika na huruma, na hapo ndipo mambo yalipozidi kuwa mabaya, maana adui unayemhurumia utampigaje?

Jumamosi baada ya alasiri alikuja Maalim Abdul-Aziz, mtu wa Buyenzi pia, aliyepakua maboksi wiki nzima na kusomea watu siku za mapumziko. Alikuja na fulana yake ya kazini, ile ya kung'aa. Akamkalisha Waziri kwenye kiti kimoja, akakitazama kile cha pili, akaamua kusimama. Alisoma Ayatul Kursii mara saba, akasoma Suratul Jinn mpaka katikati, na hapo taya la Waziri likafunguka na sauti isiyo yake ikatoka, nyembamba, ya mtu mwenye njaa ya siku nyingi.

"Wewe nani?" Maalim aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwenzake."

"Mwenzake nani?"

"Aliyenyoosha mkono. Tulizaliwa pamoja. Watu walipita ng'ambo ya njia, siku tatu. Akafa. Nikabaki na ngumi."

Maalim akafuta uso. "Sasa wataka nini kwa huyu mzee?"

"Kupokelewa."

"Amekupokea. Toka, nenda zako."

"Nitatoka mwingine akinipokea. Huyu mkono wake umezeeka." Ile sauti ikasita, na iliposema tena ilikuwa na furaha ndani yake, furaha ya mtoto aliyeahidiwa kitu. "Kuna mkono mdogo unakuja. Huo utakaa muda mrefu."

Taya likafunga. Waziri aliporudiwa na fahamu alimkuta Maalim ameficha mikono yake makwapani, na uso wake umepauka.

"Mzee wangu," akamwambia, "kila mtu huzaliwa na karini wake, jini mwenza wa maisha yake, unajua. Huyu ni wa yule mfu. Si wa kufukuzwa kwa kisomo changu, ana miaka kunizidi mimi na babu wa babu yangu. Nitamuuliza mwalimu wangu Kigoma. Mpaka hapo, usimpe mtu kitu chochote kutoka mkononi mwako. Hata tende. Umenisikia?"

"Kesho Warda anakuja."

"Hasa Warda."

Jumapili Warda alikuja akihema, tumbo mbele, bakuli la wali mkononi. Waziri akafungua mlango nusu. Bakuli la wiki iliyopita alikuwa ameliosha, akalikausha, akalitazama ndani mara tatu kwenye mwanga, akalifunga mfuniko na kuliweka chini kwenye korido. Tupu.

"Weka lako hapohapo, mama. Nina mafua. Usinikaribie."

Warda akainama kwa taabu, akaliokota, akalipima kwa mkono. Alikuwa binti wa Naïma, alijua uzito.

"Papa, leo hakuna kitu?"

"Sikwenda dukani."

"Hata sukari?" Akajaribu kucheka. "Bon. Si kitu. Upone, eeh?"

Waziri alimwona akisubiri lifti ameugeuzia ukuta uso wake. Akafunga mlango, akalia. Tuseme ukweli, alilia kwa sauti, mzee mzima, paji la uso kwenye mbao.

Dakika arobaini baadaye simu ikaita.

"Papa, weye!" Warda alikuwa anacheka sasa. "Kumbe ulikuwa unanitania! Mi nimelia kwenye metro yote, franchement. Nimefika, nimefungua, naona hii sarafu yako. C'est trop joli, nzuri mno. Ina kamukono! Nitaitoboa, mtoto aivae. Merci, Papa. Nimepokea."

Waziri akafungua kiganja chake cha kulia, akakinusa. Sabuni. Sabuni peke yake. Kiti cha pili kilikuwa kimeingia chini ya meza, na nyumba ilikuwa nyepesi kama ilivyokuwa wiki iliyopita. Na nitalisema, ingawa mwenyewe hajapata kulisema: kwa muda wa kumeza mate mara moja, alishukuru.

"Papa? Unanisikia? Ila huyu mtoto naye leo ametulia. Tangu niishike hii kitu hajacheza hata kidogo."

Alitoka bila koti, na ndala miguuni, akashuka ngazi ghorofa saba kwa sababu lifti ilikuwa inachelewa, akaingia metro namba tano bila kugonga kadi, akabadilisha treni huku watu wakimpisha kwa sababu alikuwa anasema maneno kwa sauti bila kujua, anasema nipe mimi, nipe mimi, niliyezoea ni mimi, akatokea kituo cha Porte de Namur na kuikimbia Chaussée d'Ixelles katikati ya watu na mifuko yao ya Jumapili, akipiga hesabu ya miezi saba na vidole vitano vidogo ambavyo hajapata kuviona, mpaka akafika, akapanda, akamkuta Warda ameketi sakafuni jikoni, amefumba ngumi ya kulia, na mkono wa kushoto uko tumboni, na chumba chote kinanuka siki.

"Haifunguki, Papa," Warda alinong'ona. "Vidole havifunguki. Na kuna mtu amekaa nyuma yangu."

Waziri akapiga magoti. Akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, akainamisha kichwa kama alivyofunzwa.

"Nipe, mwanangu."

"Siwezi."

"Basi sisemi na wewe." Akainua macho, akatazama nyuma ya bega la binti yake. "Njoo. Huyu hakujui. Mimi nakujua. Nimepokea. Nimepokea. Wallahi nimepokea."

 Kisha vidole vya Warda vikafunguka kimoja kimoja, sarafu ikaangukia kiganja cha baba yake ikiwa ya moto, na Warda akapiga ukelele mdogo, akashika tumbo kwa mikono yote miwili, huku anacheka na kulia, kwa sababu mtoto alikuwa amempiga teke.

Waziri alirudi Anderlecht kwa miguu. Aliokutana nao walimpisha njia pana kuliko inavyohitajika kwa mtu mmoja.

Mwalimu wa Kigoma alijibu kwa ujumbe wa sauti. Alisema mwacheni naye. Mzee akifa na ngumi yake imefungwa, azikwe nayo, na asitokee mjinga wa kuifungua. Ila akiwa hai asipeane kitu na mtu mkono kwa mkono, na chombo chochote kitokacho nyumba ile ni njia.

Kwa hiyo mabakuli hayarudi. Warda huyaacha mlangoni kila Jumapili, na Waziri huyaosha, huyakausha, huyapanga juu ya kabati. Akiyatoa matupu, yule ataingia ndani yake kama alivyoingia mara ya kwanza. Akitia tende, ametoa kwa mkono wake. Sasa yamefika kumi na tatu. Amemweleza Warda yote kupitia mlango, na Warda, aliyeishika ile sarafu mwenyewe, ameamua kuamini kwamba siku ile alipandwa na presha tu na baba yake anahitaji daktari. Huwezi kumlaumu. Ana mtoto wa kulea.

Jumapili iliyopita alikuja naye. Msichana, siku nane, ameitwa Naïma. Warda akamweka sikio la kulia kwenye tundu la ufunguo, na Waziri akachuchumaa upande wa ndani, akaadhini pole pole, sauti ikimkatika, neno kwa neno mpaka mwisho. Aliisikia pumzi ya mtoto kwenye lile tundu.

"Sasa fungua, Papa," Warda alisema. "Nakuomba. Dakika moja. Mpokee mjukuu wako."

Nyuma ya Waziri, jikoni, kiti cha pili kilisogea. Nyayo zikaja, hazina haraka, zikasimama begani kwake.

"Mfungulie," ile sauti ikanong'ona.

Waziri akaketi chini. Akaukalia mkono wake wa kulia kwa uzito wake wote, sarafu ikimchoma, na akakaa hivyo wakati Warda anabisha, na wakati ameacha kubisha, na wakati lifti imefika na kuondoka. Korido ikawa kimya. Kitu kikaketi karibu yake sakafuni, kikaushika mkono wake wa kushoto, taratibu, kidole kwa kidole, kama alivyokuwa akifanya marehemu mkewe. Na Mzee Waziri, Mungu amsamehe, hakuuondoa.